Pati 38 siku ya mwisho: nibadilishe fimbo au nigeuze mikono?

MikwajuMinne

Wakuu, bado nina hasira, mnivumilie. Nacheza gofu, hendikapu 4 (yaani siku nzuri huzidi kiwango cha uwanja kwa mikwaju minne hivi). Nimetoka kwenye mashindano ya wanawake ya siku mbili, mashimo 36. Siku ya kwanza nilirudisha kadi ya 72, sawasawa na kiwango cha uwanja, nikaenda kulala nikiongoza. Siku ya pili nikarudisha 79 na nikamaliza wa nne.

79 si dhambi, nimewahi kupiga zaidi ya hapo na nikacheka. Kinachonichoma ni namna ilivyopatikana. Siku ya kwanza nilifika grini 12 (zile nyasi fupi kabisa zenye shimo) kwa mikwaju inayotakiwa, nikapiga pati 30 (mikwaju ya kuviringisha mpira kwenda shimoni). Siku ya pili nilifika grini 13, pati 38. Yaani siku niliyocheza vizuri zaidi kutoka tii, pale shimo linapoanzia, hadi grini ndiyo siku niliyopoteza kikombe. Draiva, fimbo ya kupigia mbali, ilinitii kutwa nzima. Shimo la 13, ambalo kila mtu analiogopa kwa sababu ya maji upande wa kushoto, nilipiga fimbo ya chuma namba 5, mpira ukatua juu ya grini, watu wakapiga makofi. Nikatoka hapo na bogi, mkwaju mmoja juu ya kiwango.

Mashimo matano nilipiga pati tatu tatu. Matano! Mwenzangu aliyekuwa akiandika kadi yangu alifika mahali akaacha kabisa kunitazama nikisimama juu ya mpira, anageukia miti. Kuonewa huruma na mtu unayeshindana naye ni kitu kibaya sana, afadhali angefurahi waziwazi.

Lililonimaliza ni la 16. Nimebakiza sentimita 90 hivi, mpira unakunja kidogo kwenda kulia, pati ambayo jioni nikiwa peke yangu naipiga huku naongea na simu. Nikaisoma upande huu, nikazunguka nikaisoma upande ule, nikasimama, nikatoka, nikasimama tena. Mkono wa kulia ukasukuma. Mpira ukapita kulia bila hata kulamba ukingo. Kuanzia hapo nilikuwa nahesabu tu mashimo yaliyobaki niende nyumbani.

Sasa swali. Fimbo yangu ya pati ni ya kichwa chembamba, zile za kizamani. Rafiki yangu anasema nihamie kwenye kichwa kikubwa, ananitolea mfano wa bingwa Scottie Scheffler aliyebadilisha Machi 2024 na kushinda Arnold Palmer Invitational wiki hiyohiyo. Mwalimu wangu naye anasema fimbo haina kosa, nigeuze mikono, wa kushoto ukae chini ya wa kulia. Nina mashindano mengine wiki ijayo. Nimsikilize nani? Na naomba asije mtu hapa na "jiamini tu dada". Nilijiamini hadi shimo la tisa.

Kushoto_Chini

Pole sana dada. Jina langu hapa linajieleza, kwa hiyo unajua nitasema nini. Ukiweka mkono wa kushoto chini, mabega yanakaa sawa na ule wa kulia unakosa nafasi ya kusukuma dakika ya mwisho. Ulivyoeleza la 16, "mkono wa kulia ukasukuma", ndiyo hasa iliyonifanya nihame.

Wala usione aibu kubadilisha. Bernhard Langer alishikwa na ule ugonjwa wa mikono kuruka kwenye pati fupi zaidi ya mara moja, akawa anabadilisha ushikaji kila ulipomrudia, na kati ya hayo yote akashinda mashindano makubwa ya Masters 1985 na 1993. Ila usije ukashawishiwa na mtu uegemeze mwisho wa fimbo kifuani au tumboni. Hiyo imekatazwa tangu Januari 2016. Fimbo ndefu yenyewe ni halali, kuiegemeza mwilini ndiko kosa.

Tahadhari moja tu: mwanzoni umbali utakupotea. Pati fupi zilinyooka mapema, lakini zile ndefu nilikuwa naziacha njiani hadi wenzangu wakawa wananiuliza kama naumwa. Kwa wiki ijayo, kusema kweli, ni mapema mno.

Bankani

Kabati langu lina fimbo za pati za kila umbo duniani. Kila moja iliniponya kwa wiki mbili.

Halafu huyo Scheffler mnayemtaja kila siku, kabla hajabadilisha fimbo alikuwa ameshaanza kufanya kazi na mwalimu wa pati, Phil Kenyon, tangu mwaka uliotangulia. Hilo wauza fimbo huwa hawalisemi.

Mzee wa Grini

Binti, pole na safari. Kabla hujagusa fimbo wala mikono, nijibu jambo moja. Pati 38 ni namba inayouma, lakini peke yake haielezi chochote. Mtu anayekosa grini zote 18, anachipu (mkwaju mfupi kutoka kando ya grini) kila mara hadi mita moja, atapiga pati 20 na bado ni mchezaji mbovu. Siku yako ya kwanza ulikosa grini sita. Maana yake mara sita uliingia grini kwa chipu, na pati inayofuata chipu nzuri ni fupi. Siku ya pili uliingia grini kwa chuma ndefu. Ile ya 13 waliyokupigia makofi, ilikaa umbali gani kutoka shimoni?

Ndiyo maana PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, tangu 2011 wanapima pati kwa njia iliyotokana na kazi ya Mark Broadie, profesa wa Columbia. Hawahesabu pati, wanaangalia ulianzia umbali gani na wachezaji wa ngazi hiyo kwa kawaida humaliza kwa pati ngapi kutoka hapo. Kutoka mita 10 hivi, wastani wa wale mabingwa ni pati mbili. Kutoka mita 2.4 wanaingiza nusu tu. Nusu! Watu wanaotazama gofu kwenye televisheni hawaamini, kwa sababu televisheni huonyesha zilizoingia.

Kwa hiyo, yale mashimo matano. Niandikie umbali wa pati ya kwanza, na umbali uliobaki kwa ya pili. Na kama unakumbuka, niambie kama ya kwanza ilipita shimo au ilipungua.

MikwajuMinne

Shikamoo mzee. Nakumbuka zote, kwa bahati mbaya. Umbali nimeukisia kwa hatua, kwa hiyo msinishike kwa sentimita.

La 2: mita 14, tambarare, ikapita shimo mita 2. Nikakosa.
La 5: mita 11, inashuka kidogo, ikapita mita 1.8. Nikakosa.
La 9: mita 6, hiyo nilikuwa naitaka kwa badi (mkwaju mmoja chini ya kiwango), ikapita mita 1.2. Nikakosa ya kurudi, na hapo ndipo nilipoanza kusikia moyo.
La 13: ile ya makofi. Mita 17. Ikapungua mita 2.5, nikakosa.
La 16: mita 9, ikapungua hizo sentimita 90. Mengine nimeshasimulia.

Nikiziandika hivi naona mita 17 si jambo la kupigiwa makofi.

Mzee wa Grini

Marahaba. Sasa tuna kitu cha kuzungumza.

Tazama mpangilio wake kwanza, umbali tutaurudia. Tatu za kwanza zote zilipita. Mbili za mwisho zote zilipungua. Mikono mibovu haifanyi hivyo. Mikono mibovu inatawanya, moja inapita, moja inapungua, moja kushoto, moja kulia. Wewe ulikuwa unapiga sawasawa kabisa kwa grini ambazo hazikuwepo siku hiyo.

Chukua hesabu. Mita 14 ikapita 2, yaani sehemu moja ya saba zaidi. Mita 11 ikapita 1.8, karibu moja ya sita, na ilikuwa inashuka. Mita 6 ikapita 1.2, lakini hiyo ulikuwa unaifukuzia badi, na pati ya kuifukuzia huwa tunaipiga ipite sentimita 40 hivi ikikosa. Ondoa hizo 40, zinabaki 80, na hiyo ni kama moja ya saba ya mita 6. Mara tatu kosa lile lile, kwa kiasi kilekile. Nikiona hivyo nauliza: siku ya pili grini zilikuwa na kasi kuliko ya kwanza?

Kwa asiyejua: kasi ya grini hupimwa kwa kifaa alichobuni Edward Stimpson mwaka 1935, mfereji mfupi tu ambao mpira unateremka ndani yake na kuingia grini kwa nguvu ileile kila mara, kisha unapimwa umeviringika futi ngapi. Grini yenye kasi ya futi 9, mpira unakwenda mita 2.7. Grini yenye kasi ya futi 10.5, mpira huohuo kwa nguvu hiyohiyo unakwenda mita 3.2. Ukilipeleka hilo kwenye pati yako ya mita 14, unapita shimo zaidi ya mita 2 na hujakosea chochote mkononi. Kamati nyingi hukata nyasi fupi zaidi siku ya mwisho, au wanapitisha rola. Wakati mwingine hawatangazi.

Baada ya la 9 ukaogopa, na mtu akiogopa kupitisha huanza kupunguza. La 13 na la 16 ni matokeo ya hofu hiyo, si ya kipimo.

Sasa ule umbali niliosema. Pati zako za pili: mita 2, 1.8, 1.2, 2.5, na 0.9. Hata mabingwa wa PGA Tour kutoka mita 1.8 wanakosa moja katika kila tatu, na kutoka 2.5 wanakosa zaidi ya nusu. Kwa hiyo la 2, la 5 na la 13 usizilaumu pati za pili, zilaumu za kwanza. Zinazobaki ni la 9 na la 16. Hizo ni mbili tu, na mbili hazitoshi kununulia fimbo.

Kushoto_Chini

Mzee, hesabu nimeikubali, lakini usimwachie kirahisi hivyo. Zilikuwa tano na zote tano alikosa. Hao mabingwa wako wangeingiza tatu kati ya hizo, labda nne. Na ile ya sentimita 90 wanaingiza zaidi ya 95 katika 100. Kasi ya grini haina uhusiano mkubwa na sentimita 90 iliyopita kulia bila kugusa shimo. Hapo uso wa fimbo ulifunguka, ukaelekea kulia.

Fikirieni hivi: uso ukiwa umekengeuka digrii moja tu, kwa mita 3 mpira unatoka nje ya mstari sentimita 5 hivi. Shimo lina upana wa milimita 108, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo ni sentimita 5.4. Digrii moja kwa mita 3 inakupeleka ukingoni kabisa. Kukosa shimo lote kwa sentimita 90 inahitaji digrii tatu na zaidi. Hiyo ni kusukuma, na kusukuma kuna dawa.

Bankani

Au udhaifu tu wa binadamu. Doug Sanders, St Andrews 1970, pati isiyofika mita moja kushinda The Open, akakosa, kesho yake Jack Nicklaus akamfunga kwenye mchujo. Rory McIlroy, Pinehurst Juni 2024, akakosa fupi shimo la 16 na nyingine la 18, Bryson DeChambeau akashinda US Open kwa mkwaju mmoja. Aprili iliyofuata McIlroy huyohuyo akakosa tena fupi shimo la mwisho Masters, akaenda mchujo na Justin Rose, akashinda. Dada, la 16 si lako peke yako, hata namba ya shimo mmefanana.

MikwajuMinne

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu juzi, asante Bankani.

Mzee, nimempigia mmoja wa vijana wanaotunza uwanja. Usiku ule walipitisha rola grini zote 18, na asubuhi wakakata mara mbili. Grini ya mazoezi hawakuigusa. Na mimi nilifika mapema, kama ninavyopenda, nikapiga pati zangu za kupasha mikono kwenye umande, viatu vimelowa. Nikatoka pale nikiwa na hakika kabisa ya kitu ambacho hakikuwepo hatua hamsini mbele. Na hakuna aliyetuambia! Wenzangu wawili waliotoka baadaye walipiga mazoezi jua limeshakausha. Sisemi ndiyo sababu walinishinda. Nasema tu.

Kushoto_Chini, na wewe uko sahihi, la 16 nilisukuma. Ila sidhani kama nitageuza mikono wiki hii. Umesema mwenyewe kuwa umbali unapotea, na umbali ndio umeniua. Nitaligusa suala hilo msimu ukiisha. Fimbo inabaki. Nipeni cha kufanya kwa siku zilizopo.

Kushoto_Chini

Sawa, bila kugeuza mikono. Choma tii mbili (vile vijiti vya kuwekea mpira) ardhini, nafasi kati yake izidi kichwa cha fimbo yako kwa upana wa kidole tu. Weka mpira katikati, mita moja kutoka shimoni. Piga bila kugusa tii. Ukisukuma, kichwa kinagonga, hakuna haja ya mtu kukwambia. Usihesabu zilizoingia, sikiliza tii.

Na ile ya kusoma, kuzunguka, kusimama, kutoka, kusimama tena, iache. Kuna utafiti wa Joan Vickers wa Calgary kuhusu macho ya wapiga pati: wazuri hutuliza macho mahali pamoja kwenye mpira kama sekunde mbili kabla na wakati wa kupiga, wabovu macho yanatangatanga kati ya mpira, fimbo na shimo. Wewe la 16 ulitangatanga mwili mzima. Chagua sehemu ndogo nyuma ya mpira, ikazie macho, piga, na macho yabaki palepale hata mpira ukishaondoka.

Mzee wa Grini

Mimi nakupa ya umbali. Usilenge shimo. Nenda grini ya mazoezi, piga kuelekea ukingo wa grini, pale nyasi ndefu zinapoanzia, kutoka mita 6, kisha 12, kisha 9, usirudie umbali uleule mara mbili mfululizo. Shabaha ni mpira usimame jirani na ukingo bila kuingia nyasi ndefu. Bila shimo, macho yanaacha kuhangaikia mstari na mkono unajifunza kasi ya siku hiyo. Mpira mmoja tu. Ukipiga mitatu kutoka mahali pamoja, wa pili na wa tatu vinakudanganya, uwanjani hupewi wa pili.

Na ukiwa na chuma ndefu mkononi, bendera ikiwa sehemu ya nyuma ya grini, chukua fimbo inayofuata, inayopiga mbali zaidi. Mita 17 ile ilianzia feawei, kwenye njia ya kuelekea grini.

MikwajuMinne

Nimepata. Swali la mwisho, na ni la sheria: je, naruhusiwa kujaribu pati moja mbili kwenye grini niliyoimaliza, kabla sijaenda tii inayofuata? Ningejua baada ya la 2 tu kwamba zinakimbia, labda la 5 lisingetokea.

Mzee wa Grini

Sheria ya 5.5b inaruhusu. Kati ya shimo na shimo unaweza kupiga pati au kuchipu kwenye grini uliyotoka kuimaliza au kando yake, kwenye grini yoyote ya mazoezi, na kwenye tii inayofuata, ilimradi usicheleweshe mchezo na usipige kutoka banka (shimo la mchanga). Lakini kamati ina haki ya kuzuia hiyo ya grini uliyoimaliza, na kwenye mashindano makubwa huwa wanazuia. Ukikaidi ni mikwaju miwili ya adhabu, inawekwa kwenye shimo linalofuata. Soma karatasi ya kanuni za wiki ijayo.

MikwajuMinne

Nimeisoma sasa hivi. Wamezuia. Natoka kundi la tatu asubuhi, kwa hiyo umande utanikuta tena.

Mzee wa Grini

Basi uliza mambo mawili ukifika: grini za uwanjani zimekatwa saa ngapi, na ya mazoezi imekatwa pamoja nazo au la. Kama haikukatwa, bado piga pati zako pale, lakini za mstari na za tii mbili tu, za umbali usizipige kabisa. Shimo la kwanza, watazame wanaopiga kabla yako, mpira wao unavyopungua kasi mita mbili za mwisho. Pati yako ya kwanza ndefu ikipita, sema moyoni "zinakimbia" na la 2 piga hivyohivyo kwa imani, usingoje la 9.